Kukosea na Kupuuza

Kukosea ni jambo la kila mwanadamu. Kupuuza ni jambo la baadhi yao. Mambo haya mawili hufanana kwa sura, maana mwisho wake waweza kuwa mmoja, lakini mbele ya haki hayako sawa. Tofauti yake huonekana waziwazi penye ugonjwa wa mtoto.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 13 katika kijiji cha Kyuso, kaskazini ya Kitui, aanza kuumwa goti. Yeye hucheza mpira, huteka maji na kuchunga mbuzi, basi kila mtu adhani amejigonga. Tabibu ampa vidonge vya kutuliza maumivu. Baada ya majuma machache mtoto arudi: maumivu yamnyima usingizi. Apewa vidonge vile vile. Mara ya tatu goti limevimba, na mama aambiwa alikande kwa maji ya moto. Miezi yapita. Siku picha ya eksirei ipigwapo, yaonekana kansa ya mfupa, na pengine imekwisha fika mapafuni.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Hushika zaidi mifupa iliyo karibu na goti, kwa vijana walio katika miaka ya kukua haraka. Zamani, tiba ilipokuwa kukata mguu tu, wagonjwa wengi walikufa hata hivyo, kwa kuwa mbegu za ugonjwa zilikuwa zimekwisha safiri mwilini. Tangu miaka ya 1970 dawa kali ziliongezwa juu ya upasuaji, na sasa, pale ugonjwa ambapo haujaenea na tiba kamili yapatikana, zaidi ya nusu ya wagonjwa hupona. Kwa hiyo kuchelewa, ambako zamani kulikuwa msiba tu, sasa kumekuwa jambo la kuulizwa.

Je, tabibu yule alikuwa na hatia siku ya kwanza? Nasema hakuwa nayo. Katika watoto mia waumwao goti, karibu wote wameumia mchezoni au wanakua. Lau angewapeleka wote Nairobi, angemaliza nauli za maskini na kuijaza hospitali kuu watu wazima wa afya. Mwaka 1957, huko Uingereza, katika kesi ya Bolam, jaji alieleza kwamba daktari hapimwi kwa ustadi wa bingwa aliye juu kabisa, bali kwa ustadi wa kawaida wa wenzake katika kazi ile. Mahakama za Kenya nazo zimekitumia kipimo hicho.

Lakini mtoto arudipo, huja na ushahidi mpya. Maumivu yaamshayo usiku na uvimbe usiopungua si tabia ya goti lililogongwa. Ampaye dawa ile ile bila kumtazama tena hakukosea, amekataa kusikia.

Mwaka ule ule wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakuujua ugonjwa ule, wala hakujifanya kuujua. Majuma machache baadaye alimwona mtoto mwingine huko Jinja mwenye uvimbe kama huo, naye hakupita. Aliuliza, akaandika, na mwaka 1961 akasafiri maelfu ya maili Afrika ya Mashariki na ya Kusini akitafuta ugonjwa ule ulikoonekana. Ilijulikana baadaye kuwa kansa ile si ya mfupa wenyewe, na kwamba yaweza kutibika kwa dawa. Njia ya tiba ilianza kwa mtu aliyekiri kutojua.

Huenda msomaji akasema: tabibu wa mashambani hana mashine, na mbele yake pana safu ndefu ya wagonjwa. Ni kweli, na jambo hilo lampunguzia lawama, likaipeleka kwa wale wagawao mali ya umma. Maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya matibabu. Lakini kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele hakuhitaji mashine. Tena, kwa mama wa Kyuso neno “rudi tena” si jepesi. Lataka nauli, lataka siku ya shamba, na wakati wa ukame lataka hata mbuzi auzwe. Basi ajapo mara ya tatu, kuja kwake peke yake ni dalili.

Wengine huogopa kwamba tukiwaadhibu matabibu, watayaficha makosa. Hofu hiyo ina maana, na ndiyo sababu ya kutenga kosa na upuuzaji. Aliyekosea, akatazama tena, akasema kweli, astahili kusamehewa na kufundishwa zaidi. Aliyepuuza ajibu mbele ya baraza la kazi yake au mahakama. Fidia haiwezi kurudisha mguu wala uhai. Lakini mzazi ana haki ya kuambiwa kweli, na mtoto ajaye ana haki ya kupata faida ya kweli hiyo.

Baadhi yenu, vijana, mtakuwa matabibu. Wengi zaidi mtakuwa wazazi, walimu na majirani. Hamtaweza kujua kila ugonjwa, wala hapana atakayewadai hivyo. Mtakachodaiwa ni hiki: mtoto asemapo mara ya pili kwamba aumwa, mmsikilize kama asemaye mara ya kwanza.