Kura Katika Mwaka wa Dhiki

Wema wa mtu haupimwi siku ya karamu. Siku ya karamu kila mkono huwa mkunjufu na kila ulimi huwa mtamu. Wema hupimwa siku ya upungufu, chakula kinapokuwa kidogo na midomo ikawa mingi. Ndipo hujulikana nani hupewa kwanza, nani huambiwa angoje, na kwa sababu gani. Kama ilivyo kwa mtu nyumbani mwake, ndivyo ilivyo kwa mtawala katika nchi. Nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya swali moja la uadilifu. Kiongozi anayetaka kuchaguliwa tena, naye ana mfuko mwembamba wa umma mkononi, je, autumie kwa jambo litakaloonekana na wapiga kura, au kwa jambo linalohitajiwa zaidi ingawa halionekani?

Tuchukue mfano mdogo. Mzee mmoja mwenye jamaa kubwa alivuna mahindi haba kuliko miaka yote. Paa la ghala lake lilikuwa likivuja, na ukuta wa nyumba yake ulioelekea barabarani ulikuwa umechakaa. Mwezi uliofuata watu wa ukoo walikuwa waje kuchagua mkubwa wao, naye aliitamani heshima hiyo. Fedha yake ilitosha kutengeneza kimoja tu. Akiupaka ukuta chokaa, wageni watamsifu. Akiziba paa, hapana mgeni atakayejua, ila watoto wake watakula mpaka mavuno mapya. Haihitaji elimu nyingi kujua lililo bora. Lakini mzee aliyechagua ukuta hatasema, "Nimechagua sifa." Atasema, "Nimechagua heshima ya nyumba yetu." Nafsi ni wakili hodari, haikosi hoja ya kutetea inachokipenda.

Sasa tuondoke katika mfano twende katika jambo lenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na kila kaunti ikapewa gavana wake na bunge lake. Kaunti ya Kakamega ni mojawapo ya zile zenye watu wengi zaidi; hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,867,579. Hospitali za kaunti, ukulima, barabara ndogo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi ni mzigo wa serikali ya kaunti. Fedha za kubebea mzigo huo aghalabu hutoka Nairobi, kwa maana Katiba imeamuru kaunti zote kwa jumla zipewe si chini ya sehemu 15 katika 100 za mapato ya taifa. Kwa hiyo uchumi wa nchi ukizorota, kodi hupungua, na mama wa Butere au mkulima wa Malava huisikia dhiki hiyo ingawa hajafika Nairobi hata siku moja.

Tazama pia jinsi kalenda ilivyopangwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Uchaguzi mkuu hufanywa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Basi makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka wa uchaguzi hupitishwa majuma machache tu kabla ya kura. Anayeyaandaa ni yule yule anayeomba kura, na atakayeishi nayo huenda akawa mtu mwingine. Ni kama msafiri kupewa kisu agawe nyama ya njiani saa ile ile wenzake wanapoamua kama ataendelea kuwaongoza.

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Gavana wa kwanza wa Kakamega, Wycliffe Oparanya, ambaye hapo awali alikuwa Mbunge wa Butere na Waziri wa Mipango, alikuwa ameshika kazi tangu 2013 naye akaomba kipindi cha pili. Nchi ilikuwa katika ukame. Unga wa mahindi ulipanda bei hata ikabidi serikali kuu, mwezi wa Mei, itoe ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma siku 100, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Wauguzi nao waligoma mwezi wa Juni, wakarudi kazini mwezi wa Novemba, hata siku ya kura, tarehe 8 Agosti, ikakuta wodi hazina wauguzi katika sehemu nyingi za nchi. Katika dhiki hiyo watu wa Kakamega walipiga kura, wakamrudisha gavana wao.

Sisemi hayo ili nimsifu mtu au nimlaumu. Nataka tuyaweke matendo mawili ya kaunti hiyo katika mizani. La kwanza ni uwanja wa Bukhungu, uliojengwa upya mjini Kakamega, hata mwezi wa Desemba 2017 ukapokea mashindano ya kandanda ya mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. La pili ni mpango wa afya ya mama na mtoto, ambao mama mwenye dhiki alipewa fedha kidogo kidogo ili ahudhurie kliniki, ajifungue hospitalini, na ampeleke mtoto kuchanjwa. Uwanja huonekana na kila apitaye. Mtoto aliyepona haonekani, kwa sababu hapana awezaye kumwonyesha kidole mtoto na kusema, "Huyu angalikufa." Kazi ya uwanja hupigiwa makofi, kazi ya chanjo ikifaulu, haileti habari yoyote. Msiba uliozuiliwa hauna matanga.

Kwa haraka mtu anaweza kusema kwamba kila kinachoonekana ni hila, na kila kisichoonekana ni haki. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, nasi tusiikubali kabla ya kuisikia hoja ya upande wa pili. Mtetezi wa mambo yaonekanayo ana maneno mawili yenye uzito.

Neno lake la kwanza ni hili: "Kiongozi asiyechaguliwa tena hawezi kumaliza kazi njema aliyoianza. Kwa hiyo ni wajibu wake kufanya jambo ambalo watu wataliona, ili apate nafasi ya kufanya yale wasiyoyaona." Neno hili lina ukweli ndani yake. Lakini lina hatari ya mtu anayekopa kila siku kwa ahadi ya kulipa kesho. Mwaka wa kwanza atasema anatafuta kukubaliwa, wa tatu atasema uchaguzi umekaribia, na wa tano atasema haukosi ila siku chache. Kesho ya haki haifiki. Ikiwa wema hungojea cheo kithibitike kwanza, wema huo utazeeka mlangoni.

Neno la pili ni zito zaidi. "Kinachoonekana," asema mtetezi, "hukagulika. Barabara ikiwa mbovu, hata asiyejua kusoma ataiona. Lakini fedha iliyoandikwa katika vitabu kuwa ya dawa au mafunzo, nani ataifuata? Gizani ndiko wizi unakokaa." Hapa, msomaji, inatupasa tukubali. Wananchi wanaopenda majengo si wapumbavu. Wengi wao wamekwisha danganywa na karatasi, wakaamua kuamini tofali. Lakini dawa ya giza ni taa. Ikiwa kazi ya dawa haionekani, na ifanywe ionekane: orodha ya dawa zilizoletwa ibandikwe mlangoni mwa zahanati, hesabu ya fedha isomwe barazani kwa lugha inayofahamika na watu. Katiba, kifungu cha 201, imeagiza uwazi na kushirikishwa kwa umma katika mambo ya fedha. Kiongozi akitimiza agizo hilo, lisiloonekana litapata macho, na mwenye haki hatakuwa tena na sababu ya kuona haya kuomba kura kwa jambo jema lililofichika.

Historia ya Kakamega yenyewe ina fundisho juu ya mwaka wa dhiki. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa huko, wakati dunia ilipokuwa imezama katika mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929. Bei za mazao zilianguka, na wageni wengi walikimbilia Kakamega kutafuta bahati. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya amana ya ardhi, ikaahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao, na kwamba sehemu ikitwaliwa watapewa ardhi nyingine badala yake. Ahadi hiyo haikumaliza miaka mitatu. Mwaka 1932 sheria iligeuzwa ili ardhi ya machimbo itwaliwe kwa fidia ya fedha tu. Dhiki ilitumiwa kama udhuru, na mnyonge akalipa. Hata hivyo, mwaka ule ule wa 1932 ilifunguliwa mjini Kakamega shule ya serikali ya Waafrika, ambayo kizazi baada ya kizazi kimesoma ndani yake. Dhahabu ya wakati ule imekwenda na wenyewe. Shule ingali ikifundisha. Dhiki ilikuwa moja, matumizi yake yakawa mawili: mmoja aliivunjia ahadi, na mwingine akaipandia mbegu.

Kanuni gani, basi, imwongoze mwenye mfuko mwembamba? Nadhani swali la kwanza si lipi linaonekana au lipi limefichika. Swali ni hili: Lipi haliwezi kungoja? Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja. Mbegu hazingoji, kwa sababu mvua haingoji. Mshahara wa muuguzi haungoji, kwa sababu watoto wake wanakula kila siku. Uwanja wa michezo waweza kungoja mwaka mmoja, wala hapana roho itakayopotea.

Lakini kanuni hii nayo isitumiwe bila akili, kwa kuwa kuna kungoja kunakohifadhi na kungoja kunakooza. Wenyeji wa Mumias wanalijua jambo hili. Kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, na kilichosomesha watoto na kujenga nyumba nyingi, kilidhoofika mwaka baada ya mwaka, hata Septemba 2019 kikawekwa mikononi mwa msimamizi kwa ajili ya madeni. Ufa usipozibwa, ukuta hujengwa. Ndiyo maana sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inataka kaunti itenge si chini ya sehemu 30 katika 100 kwa kazi za maendeleo. Njaa ya leo isile mbegu zote za kesho. Wala ndoto ya kesho isimwache mgonjwa wa leo afe.

Huenda mtu akauliza, "Je, si afadhali kiongozi asiwe na uchaguzi wa kuogopa?" Katiba imempa gavana vipindi viwili tu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposhusha pato la Kenya kwa sehemu 0.3 katika 100, gavana wa Kakamega alikuwa katika kipindi chake cha mwisho. Mwaka 2022 alimwachia Fernandes Barasa kiti. Mtu wa namna hiyo hana kura ya kutafuta, basi hana sababu ya kupaka ukuta chokaa. Ni kweli, lakini pia hana fimbo ya kumwogopesha akilala. Hofu ya kura huweza kumpotosha mwema, na kukosa hofu huweza kumlegeza mvivu. Kwa hiyo dawa haimo katika hofu wala katika kukosa hofu. Imo katika macho ya wale wanaoogopwa. Mpiga kura akipenda chokaa, hofu ya kura italeta chokaa. Akipenda ghala, hofu ile ile italeta ghala.

Hapa ndipo lawama inapoturudia sisi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi ndio wenye kusifu. Tukimpokea mgombea kwa shilingi mia mbili na kofia, tusishangae akitutawala kwa bei hiyo. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inamkataza mgombea kutumia mali ya umma katika kampeni, lakini sheria haiwezi kukaa katika kila boma. Aliyemo bomani ni dhamiri ya mwenye boma.

Nawe, kijana unayesoma maneno haya, labda hujafikilia umri wa kura. Usidhani kwamba swali hili halikuhusu. Vikao vya kuwasikiliza wananchi juu ya makadirio ya kaunti huitishwa kila mwaka, na mara nyingi viti vingi huwa vitupu. Mwombe mzazi wako akupeleke, ukae nyuma, usikilize. Linapotajwa jengo, jiulize nani atangoja ili lijengwe. Inapotajwa dawa, jiulize taa ya kuifuata iko wapi. Kisha ujichunguze mwenyewe: darasani, wanapokutazama na wasipokutazama, je, kazi yako ni moja? Maana kiongozi anayepaka ukuta na kuacha ghala likivuja hakuanza siku ya kampeni. Alianza zamani, alipokuwa mtoto aliyefagia pale tu mwalimu apitapo.