Uungwana wa Mezani

Kuna usemi ambao wapenda vitabu wenzangu wanaupenda sana: ukitaka kumjua mtu, mwangalie anavyozungumza na mhudumu wa mgahawa. Nami niliuamini, mpaka nilipokuwa mhudumu.

Nilifanya kazi hiyo miezi kumi na minne, Kinondoni, kwenye mgahawa ambao sitautaja. Kitu cha kwanza nilichofundishwa hakikuwa kubeba sahani, kilikuwa kunawisha. Jagi la maji ya uvuguvugu mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, unazunguka meza mtu mmoja mmoja. Pale unakuwa karibu na mteja kiasi cha kuona pete inayombana kidole. Wengine wananyoosha mikono huku wanaendelea na simu. Wengine wanajadili ndoa zao mbele yako kana kwamba jagi linaning'inia lenyewe hewani. Mmojammoja anasema asante, na ukweli ni kwamba hiyo asante unatembea nayo mpaka jioni.

Kwa hiyo sitaki kusema adabu ni bure. Anayesema hivyo hajawahi kuitwa kwa mluzi.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja aliyekuja karibu kila Jumamosi. Shikamoo yangu aliipokea kwa kutikisa kichwa, akiwa na haraka. Jina langu kwake lilikuwa "We!", na nikichelewa aligonga meza kwa ufunguo wa gari. Supu ikipoa kidogo, mgahawa mzima ulijua. Siku moja alimliza dada niliyekuwa nafanya naye zamu, kwa sababu ya kachumbari. Jikoni tulimpa jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Jumamosi moja nilikosea bili yake, nikaandika ndizi nyama sahani moja badala ya mbili. Alishalipa, akatoka. Mara namwona anarudi, jua la saa nane likimchoma, bili mkononi. "We! Hujui kuhesabu? Unataka wakukate?" Akaweka noti mezani, akasimama pale pale mpaka nilipoandika upya na kumrudishia chenji yake yote, hadi mia mbili ya mwisho. Hakuacha hata thumni. Akaondoka bila kuaga.

Na kulikuwa na mzee. Jina langu aliliuliza siku ya kwanza na hakulisahau tena. Akiingia tu: "Mwanangu, mama hajambo? Presha imeshuka?" Nilikuwa nimemwambia mara moja tu kwamba mama anaumwa presha. Alipenda kukaa upande wangu, na wahudumu wengine walinionea wivu, maana chenji ndogo aliniachia. Kama ule usemi ni wa kweli, mzee yule alikuwa mtu mwema kuliko wote waliokanyaga sakafu ile.

Siku moja alikuja na wageni watatu. Wakala vizuri: samaki, kuku, wali wa nazi, juisi. Bili ilifika 46,000. Simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Wageni wakakaa kidogo, wakainuka mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa jikoni nasubiri oda ya meza nyingine. Nilipotoka, meza ilikuwa tupu.

Bosi hakupiga kelele. Alifungua daftari, akaandika 46,000 mbele ya jina langu. Mwisho wa mwezi nilipokea 104,000 badala ya 150,000. Baadaye sana, nikiwa nimeshaacha kazi, ndipo nilipoisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 28 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya mshahara wangu ilikuwa 37,500. Sikujua. Nadhani bosi naye hakujua, ingawa gharama ya kutojua kwake ilinifikia mimi.

Nimewaza sana tangu hapo ni yupi kati ya wale wawili aliyeniheshimu. Tunasema muungwana ni vitendo, lakini mara nyingi neno hilo tunalitumia kwa sauti ya mtu, anavyosalimia, anavyosubiri. Tukumbuke pia neno lenyewe limetoka wapi. Zamani huku pwani muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Maana ya upole na ustaarabu imekuja kukaa juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani haijaondoka kabisa. Ili uonekane muungwana, ni lazima awepo mtu wa chini yako wa kumfanyia uungwana huo, na sisi wenye jagi tulikuwa tunapatikana kirahisi.

Jean-Paul Sartre, katika L'Être et le Néant ya mwaka 1943, ana mhudumu wa mkahawa ambaye amekuwa maarufu kuliko wahudumu wote duniani. Mwendo wake ni wa haraka mno, anainama kwa bidii mno, sinia analibeba kama mtu anayetembea juu ya kamba. Sartre anasema mtu huyu anaigiza kuwa mhudumu. Sawa, nakubali, na mimi niliigiza. Lakini Sartre alikuwa anatazama akiwa upande wa wateja. Angeshika sinia angeona kwamba na wateja wanaigiza. Kuna anayeigiza mkubwa, na kuna anayeigiza mtu mwema. Yule mama sijui aliigiza nini. Pengine hakuigiza chochote, na labda ndiyo maana tulimchukia.

Ila nisimfanye malaika. Machozi ya yule dada yalikuwa ya kweli, na bili iliyorekebishwa hayakuyafuta.

Wiki tatu baada ya ile bili, mzee alirudi. Peke yake, kanzu nyeupe, tabasamu lile lile. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno usiku mzima: Samahani mzee, siku ile, nadhani mlisahau. Hakuna tusi humo, hata lawama hakuna. Na inawezekana kabisa hakujua. Kila mmoja wao huenda alidhani mwenzake amelipa. Ningemuuliza, pengine angeshtuka, akatoa pesa pale pale, akaniomba radhi.

"Mwanangu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mama hajambo?"

Mtu akikuuliza hali ya mama yako, utaanzaje kumdai? Yule mama wa "We!" ningemdai mbele ya watu wote, tena kwa sauti. Kwa mzee, ule upole wake ulikuwa umeniziba mdomo, na mpaka leo sijui kama aliukusudia uwe hivyo au ni mimi niliyeufanya kuwa hivyo.

"Hajambo, shikamoo," nikasema, nikaenda kuchukua jagi.