Nusu Duara kwenye Jani la Waridi

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi: tumche Allah.

Majuzi, hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, mama watoto aliniita uani. Majani ya waridi lake yalikuwa na pengo pembeni, nusu duara safi, kama lililopimwa kwa bikari. Nikasema leo napiga dawa. Akanijibu, "Baba, ngoja kwanza, tazama."

Tukangoja. Akaja nyuki mmoja, peke yake. Akatua ukingoni mwa jani, akalishika kwa miguu, akakata akizunguka kama fundi cherehani anayefuata mstari wa chaki. Ndani ya sekunde chache kipande kilichomoka, akaruka nacho kimekunjwa chini ya tumbo, akaingia katika tete la uzio.

Nyuki huyu hana mzinga wala malkia, na hana asali ya kutuvunia. Ni jike anayejenga peke yake. Vipande vya majani anavipanga ndani ya tundu mpaka viwe kikombe. Humo anaweka chavua aliyoibeba tumboni, akaichanganya na maji matamu ya maua, akataga yai moja, kisha akafunika kwa vipande vya mviringo mfano wa kifuniko cha sufuria. Halafu anaanza chumba kingine. Mara nyingi hufa kabla mwanawe hajatoka. Anaandaa chakula cha mtoto asiyemwona.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, Allah anatueleza kwamba alimfunulia nyuki afanye nyumba milimani, mitini na katika wanavyojenga watu. Tena kwa Kiarabu amri ile imetamkwa kwa umbo la kike. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfananisha Muumini na nyuki: anakula kizuri, anatoa kizuri, na akitua juu ya kitu hakivunji.

Ndugu zangu, huyu wa kwetu anakata kabisa, lakini waridi halikufa. Anachukua kipimo cha chumba kimoja, akahamia jani jingine. Kuchukua si dhambi. Swali ni unabakiza nini, na unamchukulia nani.

Sasa tutazame makala yetu, yaani makaa tunayopikia. Mji huu ulianzishwa 1910 katikati ya miombo. Leo baiskeli zinazoingia kwa barabara ya Kasenga zimelemewa magunia, na mchoma makala anazidi kwenda mbali kuutafuta mti wa muputu wa kuangusha. Tusimlaumu yeye peke yake: anayenunua ni mimi na wewe, umeme ukikatika. Hatukati nusu duara sisi. Tunang'oa mpaka kisiki, na mtoto atakayezaliwa kesho hatumwekei hata kivuli.

Nani kati yetu, bukari ikishaiva, anayezima jiko la mbabula? Sufuria imeshuka, watu wanakula, makala yanaungua bure mpaka yawe majivu. Kuanzia jioni ya leo, yatoe, yafunike kwa mchanga, uyatumie kesho. Na mvua za kwanza zikishuka, kila nyumba ipande mti mmoja, uwe mwembe au mti wa avoka. Mtume ametufundisha kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika mti aliopanda Muislamu ni sadaka yake. Huenda wewe usile tunda lake. Nyuki yule naye hamwoni mwanawe.

Dawa niliirudisha kabatini. Waridi la mama watoto limechanua, na mapengo yake.

Ewe Mola, hakuna jani linaloanguka usilolijua. Tujaalie kuchukua kwa kipimo, utusamehe tuliyoyamaliza, na uwaruzuku watakaokuja baada yetu. Amin.