Kusifu Kitabu ni Ushahidi

Liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika nyumba zetu: Je, hadithi za kubuni ni uongo? Na ikiwa ni uongo, yafaa Mwislamu azisome, awanunulie watoto wake, na awasifie jirani zake?

Swali hili wazee wetu wa pwani walilijibu zamani bila ya kuliandikia kitabu. Bibi alipotaka kuwasimulia wajukuu wake, alianza kwa kusema “Paukwa!” nao wakaitikia “Pakawa!” Kwa maneno mawili hayo watu walikuwa wamekwisha kupatana. Msimulizi ametangaza kuwa yajayo ni ya kubuni, na wasikilizaji wamekubali. Uongo ni kumfanya mtu aamini jambo ambalo wewe wajua kuwa sivyo lilivyo. Hapa ni nani aliyedanganywa? Katika hadithi alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, imo ile ya Sultani Darai, ambayo ndani yake paa anasema kama binadamu, anamtajirisha maskini mmoja, kisha anapougua yule maskini aliyekuwa tajiri anamtupa. Hajapata kusikika mtoto wa Unguja aliyekwenda shamba kumtafuta paa asemaye. Walakini wangapi walioisikia hadithi hiyo wakajifunza kuchukia utovu wa shukrani?

Basi uongo hauko ndani ya hadithi. Ukiwapo, mara nyingi umo katika kinywa cha yule anayeisifu. Kwani mwenye kusema, “Kitabu hiki ni kizuri, mpe binti yako asome,” huyo hakusema “Paukwa.” Huyo anatoa habari ya kweli, na anayeambiwa huipokea kwa kweli. Huo ni ushahidi, na shahidi huulizwa: Uliona mwenyewe, au ulisikia?

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilitoa ushahidi wa namna hiyo, na sikuwa nimeona.

Ninaishi Kidatu, katika bonde la Kilombero. Nina binamu yangu, binti wa ami yangu, aliyeolewa Tanga. Siku moja alinipigia simu akaniambia, “Kaka, wewe ni mtu wa vitabu. Nitajie kitabu cha hadithi fupi fupi, mwanangu apitishe nacho likizo.” Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitano. Nikamjibu papo hapo: atafute Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyo ulioandaliwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa na Longhorn mwaka 2016, ambao ulisomeshwa katika shule za sekondari za Kenya. Nikamwambia, “Ni kitabu cha mafunzo matupu, mpe bila ya wasiwasi.” Naye akakiagiza kutoka Mombasa.

Ukweli ni kuwa nilikuwa nimesoma hadithi tatu tu. Nilisoma ile ya Said A. Mohamed iliyokipa kitabu jina lake, inayoeleza wanyonge wanaotaka kunyang’anywa ardhi yao na mlafi asiyeshiba, nikaipenda mno. Nikasoma mbili nyingine, nikakifunga kitabu, nikakisifu chote.

Baada ya majuma mawili binamu yangu alipiga simu tena. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Akaniuliza, “Kaka, kitabu ulikisoma?” Nikanyamaza. Akanieleza kuwa binti alimjia jikoni, kitabu mkononi, akamwuliza maswali kuhusu hadithi iitwayo “Shogake Dada ana Ndevu.” Mama hakujua ndani yake mna nini. Alishikwa na haya, akataka kumfokea mtoto na kumnyang’anya kitabu.

Nilikwenda nikaisoma siku ile ile. Ni habari ya msichana Safia, anayesifiwa na wazazi wake kwa adabu na kwa masomo. Huja nyumbani kwao shoga yake aliyevaa buibui, wakajifungia chumbani kusoma. Mdogo wake Safia anamwambia mama kuwa shoga wa dada ana ndevu, na mama hataki kusikia. Ndani ya buibui lile mlikuwa na mvulana. Safia anapata mimba, na anafariki katika jaribio la kuitoa.

Ndugu msomaji, tazama jinsi nilivyonaswa. Wazazi wale walitazama buibui wasimtazame aliyelivaa, nami nilitazama jalada nisitazame kilichomo. Mama wa Safia alimnyamazisha mtoto aliyesema kweli, na binamu yangu alikaribia kumnyamazisha mtoto aliyeuliza kweli. Lau angalifanya hivyo, kosa lingekuwa langu kabla ya kuwa lake, maana nilimpeleka kwenye mlango huo akiwa hana habari.

Katika bonde letu hili hulimwa mpunga, na mchele wa Kilombero una sifa kote nchini. Mnunuzi asiyejua huangalia mdomo wa gunia, akachota konzi moja, akanusa, akalipa. Mjuzi huchoma bambo mpaka katikati na chini, kwa kuwa ajua kwamba chenga na vijiwe havikai juu. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema kuwa mvua ndiyo iliyokirowesha. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuuweka ule ulioroa juu, watu wapate kuuona. Kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Angalia vizuri: mtu yule hakuiletea mvua mali yake, wala hakukatazwa kuuza chakula kilichoroa. Lawama ilikuwa juu ya kukificha.

Mkusanyo wa hadithi fupi ni gunia hasa. Riwaya ni ya mkono mmoja, na ukiisoma hadi katikati waweza kukisia mwendo wake. Mkusanyo huwa na hadithi kumi au zaidi, pengine za waandishi kumi, kila mmoja na tabia yake, na jalada limepewa jina la hadithi moja tu. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Said A. Mohamed na Ken Walibora mwaka 2007, ni mfano mwingine wa kitabu chenye mikono mingi. Asemaye “mkusanyo huu ni mzuri” kwa kusoma hadithi ya jina peke yake, amesifu gunia kwa konzi ya juu. Na ajapo mtu kukutaka shauri, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye kutakwa shauri amewekewa amana. Amana hairudishwi nusu.

Hapa atasimama msemaji aseme: “Je, nikitaja aibu za kitabu cha mtu, si nimemsengenya mwandishi?” Ni swali la mcha Mungu, nalo lina jibu. Fatima binti Qays alipomtaka Mtume (S.A.W.) shauri juu ya watu wawili waliomposa, Mtume hakumficha. Alimweleza kuwa mmoja ni fakiri asiye na mali, na mwingine ni mkali wa fimbo. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ameorodhesha mambo sita ambayo kwayo huruhusiwa kutaja aibu ya mtu, na kuwanasihi na kuwatahadharisha Waislamu ni mojawapo. Ikiwa yaruhusiwa kuhusu mtu mwenyewe anapotakiwa shauri, sembuse karatasi alizoziuza sokoni kwa hiari yake? Lakini mpaka upo. Sema kilichomo katika kitabu, usimseme mwandishi na nyumba yake. Na usikiite kibaya kitabu ambacho hukukisoma, kwani kulaumu bila ya kusoma ni ushahidi wa uongo kama kusifu bila ya kusoma.

Atasimama wa pili, huyu ni mkali zaidi, aseme: “Basi tusisifu ila hadithi zisizo na uchafu wowote, tukapumzika.” Huyu namwomba aifikiri Sura ya Yusuf. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameitaja kuwa ni katika simulizi zilizo bora kabisa. Ndani yake mna nini? Mna ndugu waliomhusudu ndugu yao wakamtupa kisimani, mna kuuzwa utumwani, mna mwanamke aliyefunga milango akimtaka kijana wa watu, mna kusingiziwa na kifungo. Nasi twaisoma mbele ya watoto wetu. Kwa hivyo si kutajwa kwa dhambi kunakoiharibu hadithi. La kutazama ni dhambi imetajwa vipi: kwa haya au kwa kuipamba? Na msomaji anaachwa wapi mwisho wake, karibu na toba au karibu na tamaa? Hadithi ya Safia, nilipoipima kwa mizani hii, sikuiona kuwa ni ya kutupwa. Ni onyo kwa wazazi kabla ya kuwa onyo kwa wasichana. Haikupasa kufichwa. Ilipasa isomwe na mama kwanza, kisha asome na mwanawe.

Hili linatufikisha kwenye sharti la pili. La kwanza ni kukijua kitabu; la pili ni kumjua msomaji. Hapa Kidatu hukutana reli mbili. Moja yatoka Kilosa kwa njia ya Mikumi, nayo upana wake ni milimita 1,000. Nyingine ni TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, kama upana wa vidole vinne, lakini behewa la njia hii halipiti katika njia ile. Ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa hapa kituo cha kuhamishia mizigo. Mzigo hauna kosa, wala reli hazina kosa. Ila lazima awepo mtu anayejua upana wa zote mbili. Anayesifu kitabu yuko katika kazi hiyo. Kitabu kilichomfaa mwanafunzi wa kidato cha nne mbele ya mwalimu wake, chaweza kumlemea mtoto wa miaka kumi na miwili akiwa peke yake kitandani. Ukiulizwa “nisome nini?” nawe waulize: Ni nani atakayesoma? Ana umri gani? Atasoma na nani?

Tangu siku ile nimejiwekea desturi, nami naiweka mbele yenu mkiiona yafaa. Sisifu mkusanyo, nasifu hadithi, moja moja, kwa jina lake. Nisiyoisoma nasema sijaisoma. Iliyo na jambo zito naitaja mapema, bila ya kumaliza utamu wake.

Kwa hivyo mkiniuliza leo, nitajibu hivi. Kwa wadogo na kwa jioni ya nyumba nzima, tafuteni ngano za kale kama zile za Steere, na kwanza Sultani Darai, ila mjue kuwa mwisho wake ni wa huzuni na watoto wengine hulia. Alfu Lela Ulela ni bahari. Hassan Adam ameitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mkuki na Nyota kwa majuzuu. Lakini asili yake ya Kiarabu ina mambo ya chumbani pamoja na hekima, basi mzazi na atangulie kusoma juzuu lililo mkononi mwake, asitegemee kumbukumbu za kile alichosimuliwa utotoni. Na Tumbo Lisiloshiba nakisifu bado, sasa nikiwa nimekisoma chote. Ile ya kwanza yafaa kwa kila mwenye kipande cha ardhi na jirani mwenye nguvu. Ile ya Safia, na “Mame Bakari” ya Mohammed Khelef Ghassany, ambayo ndani yake msichana amefanyiwa jeuri, zisomwe na mkubwa kwanza.

Binamu yangu hakumfokea binti yake siku ile. Aliniambia kuwa ulimi ulikuwa umekwisha kuinuka, akaurudisha, akaketi juu ya kibao cha mbuzi, akasema, “Nisomee tangu mwanzo.” Wakaisoma pamoja mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Waliyozungumza baada ya hapo hakunieleza, nami sikuuliza. Alichoniambia ni hiki tu: “Kaka, safari nyingine niambie kwanza, nijue nakaribisha nani nyumbani.”

Hilo ndilo neno lililobaki nami. Mwenye kutaja kitabu amemleta mgeni katika nyumba ya mwenzake. Ni haki ya mwenye nyumba ajue mgeni huyo ni nani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyasifu na tunayoyalaumu, na atusamehe yale tuliyoyasema bila ya kuyajua. Amin.