Miksi iko kwa jirani

Unatafuta soul na funk zilizosahaulika? Anzia Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, si mbali na Mbarara. Muulize mzee wa Kisomali kuhusu Dur-Dur Band ya Mogadishu ya miaka ya 1980, Mkongo kuhusu saksafoni ya Verckys, Mwethiopia kuhusu mwimbaji Mahmoud Ahmed. Muziki wa Kisomali nusura upotee: mwaka 1988, watu wa Redio Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, walizifukia kanda zao ardhini zisiteketezwe na mabomu ya vita. Wewe unayepanga miksi, usikimbilie nyimbo zinazovuma mjini. Bisha hodi, uliza wimbo uliochezwa harusini kwao, uingize kwenye memori kadi, na uandike jina la aliyeuimba. Asiyetajwa husahaulika mara ya pili.