Aliyepewa Ufunguo Naye Apige Hodi?



Siku hizi fundi wa kompyuta haji tena na begi la bisibisi. Yeye yuko Kampala, mwenye kompyuta yuko Mbarara, na kinachowaunganisha ni kivinjari tu, kile kile tunachotazamia matokeo ya mitihani. Mwenye kompyuta anamtajia tarakimu 12, fundi anaziandika, na mara skrini ya mwenzake inatokea mbele yake: mafaili, picha, ujumbe unaoingia wakati huo huo. Baadhi ya ndugu zetu hapa chuoni wanajilipia karo kwa kazi hii. Ni kazi ya halali, na mwenye kunuia kumsaidia Muislamu mwenzake ana thawabu zake.

Swali ninaloliuliza ni hili: anayeingia katika kompyuta ya mtu akiwa mbali, ameingia wapi? Wapo wanaosema kompyuta ni chombo, kama kalamu au baiskeli, na aliyeombwa akitengeneze anakitengeneza basi. Mimi sikubaliani nao. Baiskeli haihifadhi barua za mama yako.

Tuitazame hukumu ya istiidhani, yaani kuomba ruhusa. Katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, waumini wanakatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimu wenyewe. Wasipomkuta mtu, wasiingie mpaka wapewe ruhusa. Na wakiambiwa warudi, warudi. Mtu anaweza kusema kwamba hapa panazungumzwa nyumba za udongo na mawe. Lakini ipo hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.) naye akiwa anajikuna kichwa kwa kitana. Mtume alimkemea vikali, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya macho. Yule mtu hakuwa ameingiza hata kidole cha mguu. Mguu ulikuwa nje, jicho ndani, na kosa likathibiti. Basi ambaye mwili wake uko Kampala na jicho lake liko Mbarara, ameingia Mbarara.

Kwa msaada wa mara moja, mambo ni mepesi. Katika Chrome Remote Desktop, kwa mfano, zile tarakimu 12 zinatumika mara moja tu, na kila baada ya dakika 30 mwenye kompyuta anaulizwa kama bado anataka kuendelea kushiriki skrini yake. Sidhani walioitengeneza walikuwa na Surat an-Nur mezani, lakini hodi imo ndani yake, tena inarudiwa. Mwenyewe amekaa hapo hapo, anaona kipanya kinakwenda wapi, na akitaka kukata anakata.

Ugumu uko kwenye njia ya pili. Fundi anaweka programu ndogo katika kompyuta, anapanga namba ya siri, na tangu siku hiyo anaweza kuingia saa yoyote ilimradi mashine imewashwa na ina intaneti. Hakuna anayeulizwa. Ofisi nyingi zinafanya hivi, na zina sababu: mhasibu akikwama saa mbili usiku, hatasubiri asubuhi. Ukimuuliza fundi kuhusu ruhusa atakujibu, "Nilishapewa ufunguo." Jibu hilo si la kudharau. Aya ya 61 ya sura hiyo hiyo inaondoa lawama kwa mtu kula katika nyumba ambayo funguo zake ziko mikononi mwake. Kwa hiyo ufunguo ni ruhusa, hilo halina ubishi. Lakini aya imezungumzia kula. Haikusema afungue masanduku.

Tena rudi nyuma kidogo, aya ya 58. Watumwa na watoto wasiobaleghe, watu wanaoingia na kutoka ndani ya nyumba mchana kutwa, wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Hawa si wageni. Ni wa humo humo, na nyakati nyingine hawana lawama kwa sababu ya kule kuzunguka kwao. Hata hivyo zimebaki saa ambazo mazoea hayatoshi. Kwa maoni yangu fundi mwenye namba ya siri anafanana zaidi na hawa kuliko na mgeni wa mlangoni. Ana ruhusa ya jumla, lakini laptopu aliyoihudumia ofisini mchana, usiku imekwenda na mwenyewe hadi chumba cha kulala.

Mwaka 2010 huko Pennsylvania, Marekani, wilaya ya shule ya Lower Merion ilishitakiwa kwa jambo la aina hii. Wanafunzi walipewa laptopu zenye programu ya kuzitafuta zikipotea, inayoweza kuwasha kamera kutoka mbali. Ilibainika kwamba picha zaidi ya 56,000, za kamera na za skrini, zilikuwa zimechukuliwa, nyingine wanafunzi wakiwa nyumbani kwao. Wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 ili kesi iishe. Laptopu zilikuwa mali ya shule, na lengo la programu lilikuwa jema. Vyote viwili havikuwasaidia.

Na kuna kisa cha Umar (r.a.), alichokitaja Ghazali katika Ihya, cha kupanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule alimjibu kwamba yeye amekosa moja, Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na ameingia bila ruhusa wala salamu. Umar akamwacha. Ninakitaja kwa ajili ya ndugu wanaosema, "Nikiona picha mbaya humo nitamnasihi." Utamnasihi juu ya ulichokitafuta?

Akina dada wanalijua jambo hili kuliko sisi. Dada anayevaa hijabu ana picha za harusi ya dada yake, wanawake watupu, katika laptopu ile ile inayotengenezwa na kaka wa mwaka wa tatu. Ana haki ya kufunga mafaili yake kwanza, na ana haki ya kujua ni lini mtu yumo ndani. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Naingia sasa, kwa dakika kumi, kurekebisha printa." Asipojibu, fundi asubiri. Na kazi ikiisha, amwambie namna ya kuiondoa ile programu, hata kama kesho atalazimika kuiweka upya.

Kompyuta za maabara ya chuo ziko mbali na haya. Naziona karibu na nyumba zisizokaliwa za aya ya 29, ambamo watu wana manufaa yao na hawana lawama kuingia. Ingawa hata huko, mwanafunzi akisahau barua pepe yake wazi, skrini ile imeshapata mwenyewe.