Waliokosa Kuitwa

Wazee wa kanisa letu hapa Changamwe wana swali wanalonirudishia kila mara. Ikiwa naweza kuzunguka nyumba hadi nyumba nikikusanya mchango wa maziko bila kulipwa hata senti, kwa nini nilipokuwa mwakilishi wa makuli niligombania shilingi kwa ukali ule? Utumishi ni wa Mungu, wanasema. Chama cha wafanyakazi ni cha tumbo.

Mimi dini nimejifunzia langoni mwa bandari ya Kilindini. Vibarua hufika kabla hakujapambazuka, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Genge likishajaa, waliobaki warudi walikotoka. Namfahamu baba aliyekuwa akizunguka njia ndefu ili watoto wawe wameshaenda shule atakapofika mikono mitupu.

Ndiyo maana nausoma tofauti mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Wahubiri huanzia kwenye malipo: vipi aliyeingia saa kumi na moja jioni apate dinari sawa na aliyechomwa na jua kutwa? Mimi hukaa kwenye jibu la wale waliokutwa sokoni. Wanaulizwa mbona wamesimama bure, wanasema hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba habishani nao. Aliyekosa kazi naye alishinda na njaa siku hiyo.

Makuli wa San Francisco waliifanya hekima hiyo kuwa kanuni. Mgomo wao wa mwaka 1934, uliomwinua Harry Bridges kuwa kiongozi wao, ulizaa ukumbi wa kugawia kazi, na humo mwenye saa chache kuliko wenzake ndiye aliyetangulia kutumwa. Polisi waliua watu wawili Julai 5 mwaka ule. Mmoja, Nick Bordoise, alikuwa mpishi aliyejitolea jikoni kwa wagomaji. Wazee wangu waniambie: alikufa akitumikia Mungu au tumbo?

Kwetu Mombasa pia, Januari 1947, watu wapatao 15,000 waligoma. Chege Kibachia, aliyekuja kuwaongoza, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Nimewahi kupitisha kikapu cha mchango wa maziko kwa ajili ya mtu aliyebeba magunia ya saruji maisha yake yote. Mjane alikaa mkekani akitushukuru kwa nauli ya kumfikisha marehemu Taita. Shukrani ile iliniuma mno. Alikuwa akishukuru kwa kipande cha kile mumewe alichokitolea jasho. Kila shilingi inayopunjwa bandarini huja kutafutwa baadaye kikapuni, tena hutafutwa kwa maskini kama aliyepunjwa, na sisi tunaiita sadaka. Anayehimiza mchango huku akinyamazia ujira anamsaidia mwenye kupunja.

Lakini siwaungi mkono wenzangu wa chama wanaodhani haki ikitimia kujitolea kutakwisha. Mkataba unaweza kulipia jeneza na gari. Hauwezi kukesha na mjane, wala yeye hawezi kwenda mahakamani kudai akeshewe. Hilo hutolewa tu, na anayetaka kulitoa lazima awe na nafasi ya kulitoa. Usiku ule wa msiba wa mbeba saruji, walikesha akina mama wa kanisa na majirani Waislamu. Vijana wawili waliofanya kazi na marehemu walitaka kubaki hadi asubuhi. Saa tisa usiku wakaaga, kwa kuwa anayechelewa haitwi.